Mafuta ya Mimea na Mbegu za Nyanya

Mkulima wa Musoma, Bunda au Butiama anayejiwekea mbegu za nyanya huweza, bila kujua, kuhifadhi pia bakteria wa madoa ya majani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha majaribio ya kutibu mbegu hizo kwa mafuta ya mimea. Mafuta kama ya karafuu huharibu utando wa bakteria. Yakizidi huua hata mbegu. Jaribuni chache kwanza.

Mnyauko ni habari nyingine. Kateni shina, litumbukizeni kwenye glasi ya maji safi. Mkiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, bakteria wako ndani, na mafuta hayawafikii. Mche huo ung'olewe na kuchomwa. Fedha za kikundi zisinunue mafuta ya kuunyunyizia.