Mafunzo ya Ususi na Urembo: Muda na Ada

Mzazi wa Tura anayeahidiwa kuwa binti yake atahitimu ususi na urembo kwa miezi miwili, kwa sharti la kulipa ada yote siku ya kwanza, tunamshauri aulize: atahitimu nini?

Kozi fupi, ya wiki au miezi michache, hufundisha stadi moja au mbili, kama kusuka au kupamba kucha. Si udanganyifu, mradi iuzwe kwa jina lake. Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi ni jambo jingine: ina ngazi tatu, na kila ngazi kwa kawaida huchukua takriban mwaka mmoja, pamoja na mazoezi kazini. Dawa ya kulainisha nywele ikikaa kupita kiasi huunguza ngozi ya kichwa, na kipimo chake hakijulikani kwa kusikiliza maelezo tu. Mwanafunzi atarajie kusimama saa nyingi, na mwanzoni kuosha nywele na kusafisha machanuo kuliko kusuka.

Kabla ya kupanda treni kwenda Tabora, hakikisheni kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET na kwamba fani hiyo inafundishwa humo. Ulizeni kama ada inajumuisha vifaa, sare na mtihani, maana dawa na nywele za mazoezi ni ghali. Daini stakabadhi.

Aliyejifunzia saluni kwa fundi asidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, hivyo aweza kupata cheti bila kuanza upya darasani.