Juu ya Kuunda Amplifaya ya Transista kwa Kusikilizia Sauti za Lugha

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna amplifaya ya transista inavyoweza kuundwa kwa mkono na, zaidi ya hayo, namna inavyosahihishwa baada ya kuundwa, ili ifae kazi moja maalumu, nayo ni kusikiliza matamshi ya Kiswahili yaliyorekodiwa. Huenda msomaji wa jarida la lugha akastaajabu kukuta humu habari za nyaya na lehemu. Lakini mtu anayeandika katika kamusi kwamba neno fulani hutamkwa kwa mpumuo ameliamini sikio lake, na sikio lake limekiamini chombo. Chombo kikiumeza mpumuo ule, kamusi nayo itaukosa. Na wengi katika wazee ambao sauti zao zimo katika kanda hawapo tena hata tuwarudie na kuwauliza.

Tuchukue mfano unaojulikana sana. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa. La kwanza halina mpumuo. La pili linao, kwa kuwa kiambishi cha zamani cha ngeli yake kilidondoka na kuacha pumzi nyuma yake. Hali kadhalika kaa la moto na kaa wa pwani. Tahajia yetu sanifu haionyeshi tofauti hiyo, wala siilaumu kwa hilo. Tofauti yenyewe hukaa katika pumzi inayotoka baada ya midomo au ulimi kuachia, kwa muda wa sehemu chache za mia za sekunde, nayo ni hafifu mno ikilinganishwa na irabu inayoifuata. Basi chombo kinachotoa irabu kwa uzuri na ukubwa chaweza, papo hapo, kuiharibu pumzi iliyoitangulia, na msikilizaji asitambue kwamba ameibiwa kitu.

Sidai kwamba amplifaya za kununua hazifai. Zipo nzuri sana, na nyingine si ghali. Faida ya kuunda ni kwamba mwundaji hukijua chombo chake hadi ndani, akaweza kukipima na kukirekebisha mwenyewe, badala ya kutegemea maneno yaliyoandikwa juu ya sanduku.

Kwanza neno moja juu ya majina. Wengine hukiita chombo hiki kipaza sauti. Lakini kwa watu wengi kipaza sauti ni kile anachoshika mhutubu mkononi, na kwa wengine ni kile kinachotundikwa juu ya mnara wa msikiti. Vitu vitatu kwa jina moja ni mzigo mkubwa. Kwa hiyo nitafuata mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi, nao husema amplifaya, spika, transista, kapasita na rizista, wakaelewana bila kamati yoyote. Ninapoongeza neno langu mwenyewe, kama “kasoro ya kivukoni” hapa chini, nitalieleza.

Transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Desemba 1947. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi hiyo. Kabla yake umeme wa sauti ulikuzwa kwa valvu za kioo, ambamo mkondo hupita katika nafasi tupu. Katika transista mkondo hupita ndani ya kitu kigumu, ambacho siku hizi aghalabu ni silikoni. Valvu zilihitaji transfoma kubwa ya kuziunganisha na spika. Mwaka ule ule wa 1956 H. C. Lin alionyesha namna ya kuendesha spika kwa transista bila ya transfoma hiyo, na tangu hapo njia ilikuwa wazi kwa mtu mwenye meza, chuma cha kulehemia na subira.

Ama kuhusu umbo la amplifaya, nitaeleza lile la kawaida, lenye nguvu za wati 20 hivi kwenye spika ya omu 8. Kwa kusikiliza maneno chumbani, wati moja au mbili zatosha. Zilizobaki ni akiba. Mlangoni huwekwa transista mbili ndogo, mfano BC556, zilizounganishwa kama pacha. Moja hupokea sauti kutoka kwenye mashine ya kanda au tarakilishi, na nyingine hupokea sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kukuzwa, na tofauti baina ya hizo mbili ndiyo inayopelekwa mbele. Transista ya tatu huikuza tofauti hiyo. Kisha hufuata wasukumaji wawili, BD139 na BD140, na mwisho transista kubwa mbili, TIP41C na TIP42C, ambazo ndizo zinazobeba mkondo wa spika. Hizi kubwa hufanya kazi kwa zamu: ya juu husukuma nusu ya wimbi iliyo chanya, ya chini huvuta nusu iliyo hasi.

Ule utaratibu wa kuirudisha sehemu ya sauti mlangoni ili chombo kijisahihishe, ambao nitauita marejesho, ulimjia Harold Black mwaka 1927 alipokuwa ndani ya kivuko kwenye mto Hudson akienda kazini. Katika amplifaya yetu, rizista ya omu 22,000 na nyingine ya omu 1,000 ndizo zinazoamua kiasi cha marejesho, na kwa hesabu yake sauti hukuzwa mara 23. Kasoro nyingi hupungua kwa njia hii, ila haziondoki zote.

Iliyo mbaya kuliko zote kwa kazi yetu ni ile ninayoiita kasoro ya kivukoni. Transista ya silikoni haipitishi mkondo mpaka beisi yake izidi emita kwa kiasi cha volti 0.6 au 0.7. Sasa fikiri wimbi linaloshuka kutoka upande chanya kwenda hasi. Linapokaribia sifuri, transista ya juu imekwisha kufunga, na ya chini bado haijafungua. Kwa muda huo mfupi hakuna mwenye zamu, kama abiria aliyeshuka mashua moja kabla ya nyingine kufika. Pengo hilo ni la volti 1.3 hivi. Irabu kubwa yenye mawimbi ya volti 10 hulipita kwa haraka na kubaki na mkwaruzo mdogo tu. Lakini sauti hafifu, ambayo mawimbi yake hayafiki hata nusu volti, huishi maisha yake yote ndani ya pengo. Marejesho hujitahidi kulivusha, lakini nguvu zake hupungua kadiri mitetemo inavyokuwa ya kasi, na pumzi ya p na t na k ina mitetemo ya kasi kwa wingi. Hivyo kasoro hii huipiga sauti ile hasa tunayoitafuta, ikaziacha nyingine karibu salama. Ndiyo maana mtu aweza kuipima amplifaya kwa kuifungulia sauti kubwa, akaisifu, na bado ikawa haifai kwa mwanafonetiki.

Dawa yake ni kuzifungua transista zote mbili kidogo wakati wote, ili mmoja asiondoke kabla mwenziwe hajafika. Kati ya beisi za wasukumaji huwekwa transista nyingine ndogo pamoja na rizista ya kugeuza, nayo hushikilia volti zinazohitajika. Kisha mita ya umeme hupimishwa kwenye rizista ya omu 0.33 iliyo katika emita ya transista kubwa. Mita ikionyesha milivolti 15, mkondo unaopita ni miliampia 45 hivi, na kwa umbo hili hapo ni pazuri pa kuanzia. Ukipunguza, pengo hurudi. Ukizidisha, unanunua joto.

Joto hilo si jambo la kupuuza. Kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka, volti za kuifungua transista hupungua kwa milivolti 2 hivi. Transista ikipata joto hupitisha mkondo zaidi. Mkondo ukizidi huleta joto zaidi. Na mwisho wa mzunguko huo ni moshi. Kwa sababu hiyo ile transista ndogo inayoshikilia volti haina budi kufungwa kwa skrubu juu ya bamba lile lile la alumini linalopoza zile kubwa, ili zikipata joto nayo ilipate na kupunguza volti. Wako waliochukua njia nyingine. John Linsley Hood alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza, Aprili 1969, amplifaya ya wati 10 ambayo transista zake hazifungi kamwe, na kwa hiyo haina kivuko cha kuvuka. Ni kazi ya kupendeza kwa uchache wa vipande vyake, lakini hula wati 30 au zaidi hata pasipo na neno linalosemwa, na katika chumba cha Mombasa mwezi wa Februari mwenye chumba ataona heri asikilize akiwa nje.

Kasoro ya pili ni mvumo. Umeme wetu wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, nao ukipita katika dayodi nne huwa na mawimbi 100. Transfoma ya volti 18 kwa kila upande hutoa, baada ya dayodi, kama volti 24 chanya na 24 hasi. Na kapasita ya mikrofaradi 4,700 kwa kila upande, ikitolewa ampia moja, bado huacha mawimbi ya kiasi cha volti 2. Mengi kati ya hayo amplifaya huyakataa yenyewe. Lakini mvumo mkubwa hutoka mahali pengine, nako ni mpango wa nyaya. Mkondo wa kuzijaza kapasita hauendi polepole. Huja kwa mapigo mafupi ya ampia nyingi. Waya wenye omu 0.01 tu, ukipitiwa na pigo la ampia 5, huwa na milivolti 50 baina ya ncha zake. Kama ardhi ya mlangoni imeunganishwa katikati ya waya huo, milivolti hizo huingia pamoja na sauti, na kumbuka kwamba mnong’ono waweza kufika pale mlangoni ukiwa na milivolti 5. Basi kapasita ziunganishwe na transfoma kwa njia yao peke yao, na kutoka hapo zichipuke nyaya za ardhi, mmoja wa spika, mmoja wa mlangoni, zikutane mahali pamoja tu.

Mvumo wa 100 una ubaya wa namna yake kwetu. Sauti ya mwanamume mara nyingi hutetema kwa kiasi hicho au zaidi kidogo. Na b, d na g za Kiswahili, ambazo hutamkwa kwa kuvuta pumzi kidogo ndani, huwa na mtetemo wa koo wakati mdomo ungali umefungwa. Mtetemo huo ni wa chini na hafifu, na mvumo huufunika kama ukungu unavyofunika miamba.

Kasoro ya tatu haisikiki kabisa. Marejesho yakichelewa njiani yaweza kuichochea badala ya kuituliza, na amplifaya ikaanza kutetema yenyewe mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, mbali na upeo wa sikio. Dalili yake ni bamba kupata joto pasipo sababu, na sauti kuwa na ukali usioelezeka. Huzuiwa kwa kapasita ya pikofaradi 100 kwenye ile transista ya tatu, na kwa rizista ya omu 10 iliyofuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zikiwekwa mlango wa kutokea, karibu kabisa na transista kubwa.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, spika isiunganishwe. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya unaowaka, ifungwe mfululizo na umeme wa ukutani: ikimulika kidogo kisha ikafifia, yote ni salama, ikiendelea kuwaka sana, kuna mahali umeme unapopita njia isiyo yake, lakini hakuna kilichoungua. Mlango wa kutokea upimwe, na usizidi milivolti 50 za mkondo wa moja kwa moja. Kabla ya hapo rizista ya kugeuza iwe imewekwa upande wa mkondo mdogo kabisa. Baadaye, balbu ikiisha kuondolewa na bamba likiisha kupata joto kwa nusu saa, mkondo upimwe tena na kurekebishwa, kwa kuwa kipimo cha chombo baridi si kipimo chake cha kazini. Aangalie pia mnunuzi wa transista kubwa, maana zimejaa sokoni zilizoandikwa majina ya watengenezaji mashuhuri na ndani zina kipande kidogo cha silikoni kisichoweza kubeba mzigo wake.

Mita ikiisha kuridhika, kazi iliyobaki ni ya sikio. Warekodiwe wasemaji wa Kimvita wakitamka paa na kaa za namna zote mbili, bila mpango, mara nyingi. Kisha zichezwe kwa sauti ya chini, na wasikilizaji waliozaliwa na lahaja hiyo waandike kila moja ni ipi. Rizista ya kugeuza ishushwe mpaka milivolti ziwe karibu na sifuri, wasikilize tena bila kuambiwa. Irudishwe, wasikilize mara ya tatu. Na kabla ya yote hayo wasikilizaji hao hao wajaribiwe kwa msemaji aliye hai, aliyeketi nyuma ya pazia, ili ijulikane ni makosa mangapi ambayo si ya chombo.