Darubini ya Macho Mawili na Namna ya Kuichagua

Tuseme umesimama juu ya kilima huko Nyamahanga, katika Mkoa wa Kagera, upande wa Ngara na Biharamulo. Jua limeanza kushuka. Ng'ambo ya bonde, kando ya miti, unaona kitu cheusi kinachosogea polepole. Je, ni ng'ombe wa jirani aliyepotea njia, au ni nyati? Ukiwa huna cha kukusaidia, itakubidi ukaribie ili ujue. Lakini ikiwa ni nyati, hasa dume aliyejitenga na kundi, kumkaribia ni kuhatarisha maisha.

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba lenzi hupinda mwanga. Katika somo hili tutaona jinsi lenzi kadhaa, zikipangwa vizuri, zinavyoweza kukuonyesha mnyama yule ukiwa palepale uliposimama. Chombo hicho huitwa darubini. Tutajifunza pia namna ya kuchagua darubini ndogo ya bei nafuu, ili mtu asije akapoteza fedha zake kwa kununua chombo kisichofaa.

Ni nani anayehitaji darubini?

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Vijiji vingi viko karibu na mipaka ya hifadhi hiyo, na wanyama hawaijui mipaka. Askari wa wanyamapori, mlinzi wa shamba, mchungaji na mtu anayetembea milimani wote hufaidika wanapoweza kumtambua mnyama kabla ya kumfikia.

Mwindaji mwenye leseni pia huhitaji darubini. Sheria humwelekeza aina ya mnyama anayeruhusiwa kumwinda na mahali pa kumwinda. Ni lazima atambue kwa hakika kama aliye mbele yake ni dume au jike, na kama jike huyo ana ndama, kabla hajainua bunduki. Kumbuka kwamba ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji umekatazwa kabisa. Humo darubini ni ya kutazamia tu.

Darubini hufanyaje kazi?

Mwaka 1608 mtengenezaji wa miwani wa Uholanzi, Hans Lipperhey, aliomba haki ya kutengeneza bomba lenye lenzi mbili la kutazamia vitu vya mbali. Mwaka uliofuata Galileo, mwanasayansi wa Italia, alijitengenezea la kwake akalielekeza mbinguni.

Darubini ya macho mawili ni mabomba mawili ya namna hiyo yaliyounganishwa. Kila bomba lina lenzi ya mbele, ambayo ni kubwa na huelekea kwenye kitu kinachotazamwa. Lina pia lenzi ya jicho, ambayo ni ndogo na huwa karibu na jicho la mtazamaji.

Jaribio la 1

Vifaa: lenzi mbinuko, yaani lenzi iliyo nene katikati na nyembamba pembeni; karatasi nyeupe.

Utaratibu: Simama ndani ya darasa, mbali na dirisha. Shika lenzi ielekee dirishani, na karatasi iwe nyuma ya lenzi. Sogeza karatasi mbele na nyuma mpaka taswira ya dirisha ionekane wazi.

Unaona nini? Bila shaka taswira imepinduliwa: juu kumekuwa chini, na kulia kumekuwa kushoto.

Lenzi ya mbele ya darubini hufanya hivyohivyo. Hukusanya mwanga na kuunda taswira iliyopinduliwa ndani ya bomba. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Lakini nani angependa kumtazama nyati aliyesimama miguu juu? Ili kuigeuza taswira, katikati ya bomba huwekwa miche ya kioo, yaani vipande vya kioo safi vyenye pande bapa. Mwanga huakisiwa mara kadhaa ndani ya miche hiyo, na taswira hutoka ikiwa wima. Mpango wa miche ya namna hii ulibuniwa na Ignazio Porro wa Italia katikati ya karne ya 19. Kwa kuwa miche huukunja mwanga, bomba linaweza kuwa fupi. Ndiyo sababu darubini ndogo hutosha katika mfuko wa koti.

Maana ya tarakimu mbili

Juu ya kila darubini pameandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8 x 32. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji. Nane maana yake ni kwamba mnyama aliye umbali wa meta 800 huonekana kana kwamba yuko umbali wa meta 100. Tarakimu ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimeta.

Watu wengi hudhani kwamba ukuzaji ukiwa mkubwa zaidi, darubini ni bora zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtikisiko wa mikono yako. Mtu aliyepanda mlima huhema, na mikono yake haitulii. Akitumia darubini inayokuza mara 8, ataona vizuri. Akitumia inayokuza mara 12, kila kitu kitatetemeka. Tena, ukuzaji ukizidi, eneo linaloonekana kwa mara moja hupungua, na mnyama akikimbia utampoteza mara moja. Kwa chombo cha kushikwa mkononi, ukuzaji wa mara 7, 8 au 10 unatosha.

Mwanga wa alfajiri na wa jioni

Gawanya tarakimu ya pili kwa tarakimu ya kwanza. Jibu ni kipenyo cha duara la mwanga linalotoka katika lenzi ya jicho. Angalia mifano hii:

8 x 21: duara la mm 2.6
10 x 25: duara la mm 2.5
8 x 32: duara la mm 4
10 x 50: duara la mm 5

Sasa fikiri juu ya mboni ya jicho lako. Mchana wa jua kali mboni husinyaa ikawa na upana wa mm 2 au 3. Gizani mboni ya kijana huweza kutanuka mpaka karibu mm 7. Kwa hiyo saa sita mchana duara la mm 2.5 linatosha, maana mboni yenyewe ni ndogo. Lakini alfajiri na jioni mboni imetanuka, na duara dogo haliijazi. Kila kitu huonekana chenye kiza.

Wanyama wengi hutoka kula na kunywa maji saa hizo hasa. Hapo darubini ya 8 x 32 huliingizia jicho mwanga mara mbili na zaidi kuliko ile ya 8 x 21, ingawa zote hukuza sawasawa. Kwa upande mwingine, darubini ya 8 x 21 huweza kuwa na uzito wa gramu 200 hivi, na ile ya 10 x 50 hukaribia kilo moja. Mtu atembeaye kutwa nzima na kilo moja shingoni hatakosa kulalamika. Atembeaye mchana tu achukue ndogo. Atazamaye jioni achague ya 8 x 30 au 8 x 32.

Utando juu ya kioo

Umewahi kujiona katika kioo cha dirisha? Hiyo ni kwa sababu kioo hakipitishi mwanga wote. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha karibu sehemu 4 kwa kila 100 za mwanga. Mwanga unaopita nyuso kumi za namna hiyo hubakiwa na sehemu 66 hivi tu. Theluthi moja imepotea njiani.

Ili kupunguza hasara hiyo, watengenezaji huzipaka lenzi utando mwembamba sana. Unaweza kuutambua. Tazama taswira ya anga katika lenzi ya mbele, huku ukiigeuzageuza. Ikionekana hafifu, yenye rangi ya zambarau au kijani, utando upo. Ikionekana nyeupe na yenye nguvu kama katika dirisha, utando haupo. Ikiwa lenzi inang'aa kwa wekundu mkali, usivutiwe na uzuri wake. Lenzi hiyo huurudisha nje mwanga mwekundu, na vitu vyote vitaonekana vya kijanikijani. Mnyama wa rangi ya hudhurungi aliyesimama kwenye udongo mwekundu atakuwa mgumu kutambulika.

Jaribio la 2: Kupima ukweli wa tarakimu

Si kila kilichoandikwa ni kweli. Masokoni huonekana darubini ndogo zilizoandikwa 30 x 60 au hata 60 x 60. Darubini yenye lenzi za mm 60 haiwezi kutosha kiganjani. Mwanafunzi wa sayansi hakubali bila kupima.

Vifaa: darubini, rula, ukuta wa matofali.

Utaratibu: Kwanza, pima kwa rula kipenyo cha lenzi ya mbele. Linganisha na tarakimu ya pili iliyoandikwa.

Pili, simama mbali na ukuta wa matofali, kiasi cha hatua 30. Tazama ukuta kwa jicho moja kupitia bomba moja la darubini. Jicho la pili liache wazi, liutazame ukuta bila darubini. Baada ya muda kidogo utaona picha mbili, moja juu ya nyingine. Tofali moja lililokuzwa linafunika safu ngapi za matofali yanayoonekana kwa jicho tupu?

Ikiwa linafunika safu nane, ukuzaji ni mara 8. Tuseme darubini imeandikwa 30 x 60, nawe umepata lenzi ya mm 22 na safu nane. Darubini hiyo kwa kweli ni 8 x 22. Huenda bado inafaa kwa matembezi ya mchana, lakini usilipe bei ya kile kilichoandikwa. Lipa bei ya kile ulichokipima.

Mambo mengine ya kuangalia dukani

Tazama mstari ulionyooka ulio mbali, kama ukingo wa paa la bati. Ukiona mapaa mawili badala ya moja, au macho yakiuma baada ya dakika chache, mabomba hayako sambamba. Usiinunue.

Kunja na kukunjua mabomba mpaka uone duara moja tu. Watoto wana macho yaliyo karibu zaidi kuliko watu wazima. Hakikisha mabomba yanaweza kukaribiana vya kutosha.

Anayevaa miwani ajaribu akiwa ameivaa. Akiona duara dogo tu katikati, darubini hiyo haimfai.

Mwishowe, jihadhari na darubini ya bei ndogo yenye kitufe cha kubadili ukuzaji. Ina sehemu nyingi zinazolegea upesi, na picha yake mara nyingi huwa na ukungu.

Kutumia na kutunza

Fumba jicho la kulia, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Kisha fumba la kushoto, uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia mpaka nalo lione wazi. Kuanzia hapo tumia gurudumu la katikati tu. Egemeza viwiko kwenye magoti au kwenye mti ili mikono itulie.

Vumbi likiingia, lipulize kwanza. Ukilifuta likiwa kavu, punje za mchanga zitakwaruza kioo. Baada ya kupuliza, futa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Darubini iliyolowa mvua iachwe ikauke mahali penye hewa kabla ya kufungiwa mkobani, la sivyo kuvu huota juu ya lenzi.

Onyo: Usilitazame jua kwa darubini, hata kwa nukta moja. Lenzi hukusanya mwanga na joto la jua ndani ya jicho na kuunguza retina. Retina haina hisia ya maumivu. Mtu hupofuka bila kujua kwamba anaungua.

Mambo ya kukumbuka

1. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele.
2. Ukuzaji mkubwa mno huleta mtikisiko na hupunguza eneo linaloonekana.
3. Kwa alfajiri na jioni, chagua darubini yenye duara la mwanga la mm 4 au zaidi.
4. Pima kabla ya kulipa.
5. Usilitazame jua kamwe.

Maswali

1. Kwa nini miche ya kioo huwekwa ndani ya darubini?
2. Tembo yuko umbali wa meta 900. Kwa darubini ya 10 x 25 ataonekana kana kwamba yuko umbali gani?
3. Tafuta kipenyo cha duara la mwanga la darubini ya 7 x 35. Je, inafaa kutumiwa jioni? Eleza.
4. Mlinzi wa shamba hukesha akiangalia tembo wasiingie kwenye mahindi. Kijiji kimechanga fedha za kumnunulia darubini moja tu. Ipo ya 10 x 25 na ipo ya 8 x 32, na bei yake ni sawa. Ungeshauri inunuliwe ipi? Toa sababu mbili.