Je, Wajua? Wanafunzi wa Uchungaji Waliompita Majeruhi, na Mengine ya Sayansi ya Tabia

Kijana wa Kihurio, Upare, akiwaaga wazee kwamba anakwenda chuo kikuu cha kanisa kusomea sayansi ya tabia, ataulizwa: "Kumbe tabia nayo inasomewa?" Inasomewa, tena kwa hesabu. Na baadhi ya mambo ya somo hilo yaliokotwa huku huku kwetu.

Haraka humshinda hata mhubiri

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba, na baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema mwenyewe! Njiani alikuwa amewekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Wale wasio na haraka, 63 katika kila 100 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa? Kumi tu. Kubeba mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Saa ndiyo iliyoamua. Nikikumbuka kwamba KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi yenye chuo cha madaktari, iliasisiwa chini ya taasisi yenye jina la Msamaria Mwema, naona jaribio hili lingefaa kubandikwa mlangoni.

Kipare kilipata sarufi kabla Tanganyika haijapata jina

Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifika Giti, kwenye milima ya Upare Kusini, mwaka 1903, na baadaye Kihurio nayo ikawa kituo chao cha misheni. Mmoja wa wamisionari wao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu, yaani Kipare, mwaka 1909, zaidi ya miaka kumi kabla Waingereza hawajaiita nchi hii Tanganyika. Mwaka 1922 akatoa kitabu kizima cha mila za Wapare, na neno "hofu" akalitia kwenye jina la kitabu hicho. Aliandika kama mhubiri, bila shaka, na wazee wangekuwa na yao ya kumjibu. Lakini swali la watu wanaogopa nini, na hofu hiyo inawafanya watende nini, bado ni mtaji wa wanasaikolojia.

Mkoa mmoja ulinyimwa mchezo wa redio, makusudi

Unamkumbuka Mkwaju? Yule dereva wa lori wa *Twende na Wakati*, mwenye mwanamke kila kituo, huku mkewe Tunu akihangaika nyumbani. Mchezo ulianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Nchi ikasikiliza, isipokuwa Dodoma: huko vilirushwa vipindi vingine hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Nyuma ya hadithi hiyo ilisimama nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura, kwamba binadamu hujifunza kwa kutazama yaliyompata mwenzake. Mkwaju alipata UKIMWI, akafa, na wasikilizaji wakaanza kuzungumza nyumbani mambo ambayo hawakuzoea kuyataja. Sijui kama kuna mwalimu wa maadili aliyewahi kupata darasa kubwa namna hiyo.

Lutindi ilianza na watoto waliookolewa utumwani

Ukivuka bonde la Mkomazi kutoka Upare unaingia Usambara. Huko Lutindi, mwaka 1896, wamisionari wa Kiprotestanti walijenga makao ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye yakageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Milima hiyo hiyo ndiyo iliyopata chuo kikuu kishiriki cha Sebastian Kolowa, Lushoto, mwaka 2007, kilichojijengea jina kwa kuandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Watoto wa Kiganda waliibadilisha saikolojia ya dunia

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzunguka vijiji vya karibu na Kampala, akiketi sebuleni na akina mama 26, akitazama watoto wachanga 28: nani analia mama akitoka, nani anatambaa kumfuata. Hapo ndipo ilipoota sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu mtoto anavyojenga imani kwa mlezi wake.

Ndiva na Nobeli

Mwaka 2009 Elinor Ostrom alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Alionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe, bila serikali kuwasimamia na bila kuibinafsisha. Mifereji ya kumwagilia ilikuwa kati ya mifano yake. Kwetu nako, Wapare wa milimani wana ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe, linajaa usiku kutoka mferejini, linafunguliwa asubuhi, na kila shamba lina zamu yake. Tope likizidi, unapigwa msaragambo, wito wa kazi ya pamoja, na kila kaya hutoa mtu mwenye jembe.