Tanuri la kwanza la vioo: Bei ndogo isikuponze

MFANYABIASHARA anayetaka kuanza kutengeneza hereni, vidani na visahani vya kioo ana uamuzi mmoja mzito: anunue tanuri gani kwa mtaji mdogo alionao.

La bei ya chini kabisa ni kijitanuri kinachowekwa ndani ya maikrowevu. Huyeyusha kidani kwa dakika chache, lakini hakina kipimo cha joto, na kazi ya kipande kimoja kimoja haitoshelezi oda ya duka.

Tanuri dogo la umeme hugharimu zaidi. Lifaalo ni lenye kidhibiti joto cha kielektroniki. Vioo huungana kwenye nyuzi joto karibu 800 za Selsiasi. Baadaye lazima vishikiliwe kwenye nyuzi 500 hivi, kisha vipozwe polepole. Bila hivyo hupasuka, pengine vikiwa tayari mikononi mwa mteja, na faida huishia hapo.

Umeme nao uangaliwe. Matanuri mengi madogo ya Marekani ni ya volti 120, wakati Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240. Tanuri la wati 1,500 hutosheka na soketi ya kawaida ya ampea 13, na kwa kazi ya saa nane halizidi uniti 12.

Mwisho, kioo cha dirisha kisiunganishwe na cha chupa. Hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, hivyo bidhaa huvunjika. Anayeanza atenge fedha za vioo vya majaribio kabla ya kupokea oda ya kwanza.