Elimu ya upasuaji huanza kabla ya kisu

Kila mwaka wapo vijana katika jamaa zetu wanaomaliza miaka ya darasani katika vyuo vya udaktari na kuingia wodini kwa mara ya kwanza. Wazazi hufurahi kumwona kijana amevaa koti jeupe, na wengi hudhani kwamba akipangiwa wodi ya upasuaji, kazi yake ya kwanza itakuwa kushika kisu. Sivyo. Anachotakiwa kukijua kwanza ni kuuliza, kutazama, kugusa, na kutambua ni mgonjwa yupi anaweza kungoja hadi asubuhi na ni yupi hawezi.

Tumeona vyema kuieleza elimu hiyo katika kurasa za familia kwa sababu nusu yake imo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Daktari mwanafunzi akiuliza vizuri na nyumba ikamficha ukweli, elimu yake haimfai mgonjwa kitu.

Onyo la Az-Zahrawi

Jambo hili si geni. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika Kitab at-Tasrif katika sehemu 30. Sehemu ya mwisho aliitenga kwa upasuaji, akaweka humo michoro ya vyombo vipatavyo 200. Kabla ya kufundisha namna ya kukata, anaonya kwamba asiyejua maumbile ya mwili ataua watu. Anatoa mfano wa tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akaikata mishipa ya damu, na mwanamke yule akatokwa na damu mpaka akafa mbele yake. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, ikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Mwanafunzi wa leo anaanzia palepale: ajue kilichomo chini ya ngozi kabla ya kuipasua.

Tumbo linapouma ghafla

Mtihani wake wa kwanza ni tumbo. Ataulizia maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi na yamehamia wapi. Kama kutapika kulitangulia au kulifuata. Na kama mgonjwa anapata choo na kutoa upepo. Maswali hayo si ya kupoteza muda. Maumivu ya kidole tumbo, kwa mfano, aghalabu huanza karibu na kitovu, na baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia, huku hamu ya kula ikitoweka. Mwaka 1889 daktari Charles McBurney wa New York alieleza mahali panapouma zaidi: ukivuta mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, ni theluthi moja ya safari kutoka mfupani. Kidole tumbo kikipasuka, usaha husambaa, tumbo hukakamaa kama ubao, na hatari huwa kubwa mno.

Zachary Cope wa Uingereza, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1921, aliweka kanuni ambayo wanafunzi wanaishika hadi leo: mtu aliyekuwa mzima akishikwa na maumivu makali ya tumbo yakapita saa sita, kwa kawaida jambo hilo ni la daktari wa upasuaji. Nasi tungependa kanuni hiyo ijulikane majumbani. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuharisha, au kumlaza kwa siku mbili tukibadilisha dawa, ni kumhatarisha. Na kama amekunywa dawa yoyote, iwe ya duka au ya mitishamba, daktari aambiwe.

Haya isiyookoa

Yako maswali matatu ambayo mwanafunzi hufundishwa asiyaruke, na ndiyo yanayogongana mara nyingi na haya zetu.

La kwanza ni la mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Akiumwa tumbo, daktari ataulizia hedhi yake ya mwisho na kuagiza kipimo cha mimba. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kuupasua mrija, na damu ikavuja ndani bila tone kubwa kuonekana nje. Dalili huwa kizunguzungu, weupe wa macho, na pengine maumivu ya bega. Kipimo hicho hupimwa wote, mwenye mume na asiye na mume. Si tuhuma. Daktari akiomba mama, mama mkwe au mume atoke nje kidogo ili azungumze na mgonjwa mbele ya muuguzi, familia isilihesabu kuwa ni tusi.

La pili ni la mvulana. Korodani huweza kujisokota ghafla na kujinyima damu, hasa kwa vijana wanaobaleghe. Nafasi ya kuiokoa ni kubwa ndani ya saa sita hivi, kisha hupungua haraka. Kijana kwa haya husema tumbo linamuuma, akanyamaza hayo mengine. Ndiyo maana mwanafunzi anaambiwa asimalize kupima tumbo la mvulana bila kupima na huko. Baba naye amwambie mwanawe mapema kwamba maumivu ya hapo hayafichwi hata usiku wa manane.

La tatu ni la wazee wetu, hasa wa pwani: busha na ngiri. Busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani, na huku kwetu mara nyingi hutokana na ugonjwa wa matende unaoenezwa na mbu. Ngiri ya kinena ni utumbo uliopenya katika uwazi wa misuli. Mwanafunzi hutafuta kama vidole vyake vinaweza kufika juu ya uvimbe. Katika ngiri havifiki, kwa kuwa uvimbe umeshuka kutoka tumboni. Humulika tochi pia, na busha kwa kawaida hupitisha mwanga. Ngiri iliyozoea kurudi ndani ikagoma, ikawa ngumu na yenye kuuma, mgonjwa akatapika, huenda ni utumbo uliobanwa unaokufa kwa kukosa damu. Huyo hangoji kesho.

Kabla na baada ya kisu

Ndani ya chumba cha upasuaji mwanafunzi atawakuta watu wakisimama na kuulizana kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, na upande upi. Ni orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye mambo 19, inayosomwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, zikiwamo za London, Amman, na Ifakara hapa Tanzania. Vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa jina lake mara tatu asikasirike.

Kuna pia kufunga kabla ya upasuaji. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula, uji na chai ya maziwa saa sita kabla, na maji matupu saa mbili, isipokuwa hospitali imeagiza vingine. Sababu ni kwamba aliyelazwa kwa dawa ya usingizi huweza kucheua, na chakula kikaingia mapafuni. Jamaa anayempenyezea mgonjwa kikombe cha uji kwa huruma anamweka katika hatari ya kifo.

Baada ya upasuaji mwanafunzi hutazama mambo madogo: homa, mapigo ya moyo, kidonda, mguu uliovimba, na mkojo. Mtu mzima wa kilo 60 anatarajiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa; ukipungua, mwili unalalamika. Mgonjwa akihimizwa kuketi, kupumua kwa nguvu na kutembea mapema, si ukatili. Ni kinga ya mapafu na ya damu kuganda miguuni.

Wito wetu

Kwa vijana wetu wanaoingia wodini: usiyejua, uliza, uliyeona mgonjwa anabadilika, mwite mkubwa wako, hata kama utaonekana msumbufu. Kwa familia: mfikisheni mgonjwa mapema, semeni ukweli wote, na mwacheni aulizwe. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa.