Tangazo la Facebook linaleta wateja lakini CRM haioni kitu? Kagua mambo haya 5

Umelipia tangazo Facebook na Instagram. Tuseme Meta inaonyesha watu 30 wamejaza fomu, lakini ukifungua CRM, ile programu ya kutunza kumbukumbu za wateja, unakuta majina 12 tu. Wengine wameenda wapi?

Mara nyingi hawajapotea. Taarifa zao hukaa Meta kwa siku 90, na baada ya hapo huwezi tena kuzipakua. Kwa hiyo kabla hujagusa mipangilio yoyote, ingia Meta Business Suite, pakua faili la CSV na anza kupiga simu. Mtu aliyeulizia kiwanja jana hatakusubiri wiki nzima urekebishe mfumo.

Ukishapiga simu, sasa tafuta tatizo. Taarifa hutoka kwenye fomu, hupita kwenye ukurasa wako, kisha programu ya kati kama Zapier kama unaitumia, ndipo zifike CRM. Lazima zimekwama mahali fulani hapo.

1. Tuma mteja wa majaribio
Meta ina zana ya bure inayoitwa Lead Ads Testing Tool. Chagua ukurasa, chagua fomu ileile iliyo kwenye tangazo, kisha tuma. Fomu moja hupokea jaribio moja, hivyo futa la kwanza kabla ya kutuma lingine. Lisipofika CRM, nenda namba 2 na 3. Likifika, nenda 4 na 5.

2. Nani aliunganisha?
Muunganisho hufanywa kwa akaunti ya mtu. Akiacha kazi, akiondolewa kwenye ukurasa au akibadili nywila, ruhusa inaweza kukatika kimyakimya. Unganisha upya kwa akaunti yenye mamlaka kamili. Pia fungua mipangilio ya biashara, sehemu ya Leads Access, uhakikishe CRM yako imeruhusiwa kuchukua taarifa.

3. Fomu ni ileile?
Ukitaka kubadili swali kwenye fomu iliyokwisha kuchapishwa, kwa kawaida unainakili. Nakala hiyo ni fomu mpya yenye namba yake ya utambulisho. Kama CRM ilielekezwa kwenye fomu ya zamani, itaendelea kusubiri huko huku wateja wakiingia kwingine.

4. Visanduku vinalingana?
CRM ikilazimisha barua pepe na fomu yako inauliza simu tu, mteja anaweza kukataliwa mlangoni. Fungua historia ya programu ya kati usome ujumbe wa kosa, mara nyingi hutaja kisanduku chenye shida. Kama taarifa zinapitia Excel au Google Sheets, angalia namba za simu. Sifuri ya mwanzo hupotea kirahisi, kwa hiyo weka safu hiyo iwe maandishi, si tarakimu.

5. Labda wameunganishwa
CRM nyingi hutambua mteja kwa barua pepe au simu. Aliyewahi kujaza zamani hatahesabiwa upya, kadi yake ya zamani ndiyo itakayosasishwa. Tafuta kwa jina kabla ya kusema hayupo.

Ukimaliza, usidhani waliokosekana watajileta wenyewe. Kwa kawaida muunganisho mpya huchukua wanaojaza kuanzia hapo, kwa hiyo wa nyuma waingize kwa lile faili la CSV.

Na faili hilo usilirushe kwenye grupu la WhatsApp. Lina majina na simu za watu, na sheria zinawalinda: Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019.

Kuanzia sasa, kila asubuhi linganisha namba ya Meta na ya CRM. Ni kazi ya dakika 2, na tofauti utaiona siku ileile, sio mwisho wa mwezi bajeti ikiwa imeshaisha.